Tulivuka Mpaka Kwenda Kutazama Nyumba Zisizo na Paa

Katika mji wetu wa Buwenge, ulio yapata kilomita 25 kaskazini ya Jinja kwenye barabara iendayo Kamuli, ipo nyumba moja ambayo watu huitumia kuwaelekeza wageni njia. "Ukifika kwenye Magofu," huambiwa mgeni, "pinda kushoto, ufuate shamba la miwa." Nyumba hiyo ni yangu. Ina vyumba vinne, ukumbi na mahali pa jiko. Ina madirisha manane. Haina paa, haina mlango, na katikati ya ukumbi umeota mpapai ambao haukupandwa na yeyote. Tuliianza mwaka 2019, mume wangu aliporudi kutoka Mogadishu alikokuwa na jeshi letu katika kikosi cha Umoja wa Afrika. Kuta zilipanda upesi hadi juu ya madirisha, kisha fedha zikakoma, na tangu siku hiyo mvua huingia sebuleni kwetu bila ya kupiga hodi.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, hamtashangaa nikiwaambia vile alivyocheka jirani yetu, mzee mmoja mwenye ulimi mwepesi, aliposikia kwamba mimi na mume wangu tunafunga safari ya kwenda Kenya kutazama magofu ya kale.

"Mama," aliniuliza, "na kiingilio mtalipa?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, tutalipa.

"Ajabu! Mimi hutazama ya kwenu kila asubuhi, bure."

Wazo la safari lilikuwa langu. Mimi ni mtumishi wa serikali. Nilisomea ualimu, nikapata cheti, nikafundisha darasa la nne kwa miaka sita, kisha nikahamishiwa ofisini. Kiswahili changu nilikipata vitabuni, na mume wangu alikipata kambini. Kiswahili changu kina ngeli zote, lakini kilikuwa hakina mtu wa kuzungumza nacho. Chake hakina ngeli hata moja, nacho kimempeleka Somalia na kumrudisha salama. Julai mwaka 2022, baraza letu la mawaziri lilipokubali kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, ofisini kwetu kila mtu alikisifu. Nilipouliza ni nani miongoni mwetu aliyekwisha kutia mguu huko pwani lugha hii ilikolelewa, watu wote wakainamia mafaili yao.

Tena kulikuwa na jambo la pili, ambalo wake za askari watalielewa kwa haraka. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa yetu, kila safari tuliyosafiri pamoja ilikuwa ya msiba. Nilitaka, walau mara moja, kupanda basi na mume wangu bila ya kubeba shuka la kumfunikia maiti.

Mgawo wa mwisho wa mwaka wa chama chetu cha kuweka na kukopa ulitosha ama mabati ishirini, ama safari ya siku kumi. Nilitegemea mabishano makali. Lakini mume wangu, ambaye mimi humwita Afande ninapomkasirikia na Baba Watoto siku nyingine zote, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Bahari ile nimeiona kwa upande mwingine. Ningependa kuiona siku moja nikiwa sina bunduki." Watoto tukawapeleka kwa bibi yao, na katika wiki ya pili ya Januari tukaondoka.

Njia yenyewe sitaieleza kwa kirefu. Tulivuka mpaka Busia kwa vitambulisho vyetu vya taifa tu, jambo linalowezekana kwa Waganda, Wakenya na Wanyarwanda tangu mwaka 2014. Kutoka Nairobi tulichukua gari moshi la reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, nalo likatufikisha Mombasa katika muda ambao basi la kwetu lingekuwa bado linangoja abiria wa mwisho. Kwa akina mama wanaokusudia safari ya namna hii nina neno moja: viatu vya kisigino viacheni nyumbani. Vyangu nilivibeba siku kumi na kuvivaa nusu saa.

Mombasa ni kisiwa, ingawa mgeni aweza kukaa siku mbili asitambue. Hapo tulianza na ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na ambayo tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Afande aliikagua ngome ile kana kwamba ataachiwa zamu usiku huo. Alitembea juu ya kuta mikono ikiwa nyuma, akatazama bahari kupitia matundu ya mizinga, akapima kwa macho pembe za minara, mwisho akatoa hukumu kwamba aliyeichora alikuwa anajua kazi, kwa kuwa hakuna mahali pa kuegemea ukuta ambapo hutaonekana kutoka pembe nyingine. Vijana wawili waliokuwa wameegemea ukuta wakiongea mambo yao walijitenga kidogo.

Mwongozaji wetu alitusimulia jinsi majeshi ya Oman yalivyoizingira ngome hiyo tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Njaa na tauni viliua watu ndani kuliko risasi. Ilifika wakati, katikati ya mwaka 1697, Wareno wote wakawa wamekwisha kufa, na ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza na watu 17 wa jamaa yake, pamoja na Waafrika wanaume 8 na wanawake 50, nao wakaishikilia mpaka msaada ulipofika kutoka baharini mnamo Septemba.

"Wanawake hamsini," alisema Afande. "Basi chakula kilikuwa kinapikwa vizuri."

"Na zamu ya usiku," nilimwuliza, "ilikuwa inalindwa na wale wanaume wanane peke yao?"

Alitafakari swali hilo kwa haki, kama askari, akakiri kwamba kwa urefu wa kuta zile haiwezekani. Nalitaja jambo hili kwa faida ya wake za askari wenzangu, walitumie watakavyoona inafaa.

Siku ya tatu tulipanda matatu iendayo Malindi, tukashuka kwenye njia panda ya Gedi. Magofu ya Gedi yamo msituni, kilomita chache kutoka baharini. Ulikuwa mji mzima wa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye msikiti mkuu, kasri, visima na kuta mbili, wa nje na wa ndani, na eneo lake lapata ekari 45. Kaburi moja limeandikwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Mji ulistawi sana katika karne ya 15, na kufikia mwanzo wa karne ya 17 watu wakawa wamekwisha kuondoka. Wareno walikaa Malindi, safari ya asubuhi moja kwa miguu, lakini katika maandishi yao mji huu hawakuutaja hata kidogo. Wengine husema visima vilikauka, wengine husema vita, na wengine husema maradhi. Julai 2024 nao uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, kwa hiyo tuliuona ukiwa bado na kiburi kipya.

Mlangoni bei zimegawanywa: wenyeji, watu wa Afrika Mashariki, na wageni wa mbali. Afande alifurahi sana kukuta kwamba yeye ni mtu wa katikati. Alidai risiti, akaikunja, akaitia katika kitambulisho chake ili, kama alivyosema, amwonyeshe jirani yetu kwamba kuna magofu yenye risiti.

Walinzi halisi wa Gedi ni kima. Wapo wengi, wana mashavu ya mzee mwenye busara na mikono ya mwizi wa sokoni. Nilikuwa nimebeba kutoka nyumbani kifurushi cha karanga za kukaanga, maana mtu wa Busoga hasafiri bila karanga. Mwongozaji alituonya tuufunge mkoba. Afande akasema kwamba alikwisha kulinda ghala la chakula Mogadishu mwaka mzima bila ya kupotea hata kopo moja la maharage, na mkoba akaushika yeye. Dakika mbili baadaye kima mmoja alishuka ukutani taratibu, bila ya haraka wala aibu, akachukua kifurushi, akapanda nacho juu ya lango la kasri, akaketi na kutufungulia karanga zetu mbele ya macho yetu. Afande alimwamuru azirudishe. Alimwamuru kwa Kiswahili cha kambini, ambacho nimekwisha kuona kikiwasimamisha vijana mia moja kwa neno moja. Kima akatema ganda.

Lakini kilichonishika mimi ni majina ya nyumba. Mwingereza James Kirkman, aliyeanza kuchimbua hapo mwaka 1948, alikuta nyumba zisizo na wenyewe. Kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kumwambia hapa alikaa nani, nyumba zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake. Ipo Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Bakuli la Kaure, hata Nyumba ya Ushanga wa Venice. Fikirini jambo hili, ndugu zangu. Mwanamke alikaa pale, akazaa, akapika, akagombana na mawifi, akaozesha binti. Na baada ya miaka mia nne kinachojulikana kwake ni kwamba alikuwa na mkasi. Pengine hata haukuwa wake. Pengine aliuazima kwa jirani, na jirani akafa akiudai.

Nikaanza kuwaza watakalookota watu wa Buwenge siku za usoni wakija na koleo na brashi chini ya mpapai wetu. Kwa ninavyokumbuka, pale chini lipo koleo lisilo na mpini, vifuniko vya soda, na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Nilimwambia mume wangu, "Itaitwa Nyumba ya Kandambili."

Nilitegemea acheke. Hakuwa karibu yangu. Nilimkuta katika nyumba mojawapo ya zile ndogo, amesimama ndani ya chumba kisicho na kitu, akipitisha kiganja ukutani, chini, usawa wa kiuno chake, kama mtu anayetafuta msumari gizani. Alipoona nimefika akamgeukia mwongozaji na kumwuliza: "Walipoondoka, walibeba vitu vyao? Au walikimbia?" Mwongozaji alijibu kwamba mali nyingi haikuonekana, na kwa hiyo huenda waliondoka kwa nafasi. "Vizuri," alisema mume wangu, akatoka nje. Mimi nilidhani ni joto.

Kutoka Malindi hadi Mokowe, mahali pa kuvukia kwenda Lamu, ni mwendo mrefu wa basi, na vituo vya ukaguzi vya askari si vichache. Kwenye kila kituo Afande alinyoosha mgongo bila ya mtu kumwambia. Kiti cha pili yangu alikaa mama mmoja wa Tanga aliyekuwa akienda kumwona binti yake aliyeolewa Lamu. Alinisikiliza kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, Kiswahili chako kizuri sana. Wasema kama redio." Hadi leo sijui kama nilisifiwa.

Nilimweleza habari za safari yetu na, kwa kuwa basi ni kama chumba cha kungamia, nikamweleza na habari za nyumba yetu ambayo watu huiita Magofu.

"Hao wanakosea," alisema. "Gofu ni nyumba iliyokwisha kukaliwa, watu wakaondoka. Hiyo yenu ambayo haijaisha, sisi kwetu twaiita pagale."

"Tofauti yake ni nini, mama? Zote hazina paa."

"Tofauti kubwa, mwanangu. Gofu halimngoji mtu."

Nilimtafsiria mume wangu, ambaye alikuwa akijifanya amelala. Hakufumbua macho, lakini nilimwona amemeza mate.

Lamu ni mji ambao magari hayana nafasi ndani yake, kwa sababu njia zake ni nyembamba hata punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima awe na adabu. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, nao si gofu hata kidogo: nyumba zake za kale zina watu, zina moshi wa jikoni na sauti za watoto wanaosoma. Kwenye mkahawa wa kwanza Afande aliingia, akavuta kiti, akasema, "Leta chai!" Si kwamba hana adabu. Kiswahili alifundishwa kwa amri, naye hujui neno likisha kuingia kwa njia gani litatokea kwa njia ipi. Mzee mwenye mkahawa alimtazama, akatabasamu, akasema, "Bwana, hapa chai huombwa. Lakini kwa leo nitaileta kwa sababu umeiita kwa nguvu, isije ikakimbia." Kuanzia hapo nilimfundisha mume wangu maneno mawili, "naomba" na "tafadhali." Aliyatumia yote mawili mfululizo katika kila sentensi kwa siku tatu, hata kwa punda.

Kitu alichokipenda zaidi Lamu ni milango. Nyumba za mawe za pale zina daka mbele, penye viti vya mawe pande mbili, na nyuma ya daka mlango wa mbao nene uliochongwa maua juu na kandoni. Afande aliipima kwa shubiri, mmoja baada ya mwingine, akiandika nyuma ya risiti ya Gedi. Wenye nyumba walitoka mara mbili kuuliza kuna nini. "Naomba tafadhali," aliwajibu, "napima."

Asubuhi ya siku ya mwisho tulikodi mashua kwenda Takwa, kwenye kisiwa cha Manda, upande wa pili wa mlango wa bahari. Njia yake hupita katika mkono wa maji uliozungukwa na mikoko, na nahodha alitueleza mapema kwamba hupitika maji yakiwa yamejaa tu. Akasema tukifika tutakuwa na saa moja na nusu, kisha maji yatakupwa. Afande alimsikiliza kwa heshima ya mtu asiyeamini. Sisi ni watu wa Jinja. Kwetu maji yana tabia moja: hutoka ziwani, huingia Nile, na kwenda zake Misri. Hatujapata kuyaona yakibadili nia.

Katikati ya mkondo mashua ilianza kuingiza maji kidogo, na nahodha, aliyekuwa kwenye shetri, akamwita mume wangu aje akae nyuma ili omo ipande. "Ndoo! Ndoo!" alipaza sauti. Afande, mwepesi wa kutii, akaiona ndoo ya kufulia maji karibu na miguu yake, akaichukua na kumpelekea. Nahodha akaitupa kando na kuita tena, kwa ukali zaidi, "Ndoo wewe!" Afande akairudisha ile ndoo kwa mikono miwili, akiongeza, "Naomba tafadhali." Ilinichukua muda kukumbuka kwamba katika Kiswahili cha Lamu "njoo" ni "ndoo," kama vile njia ilivyo "ndia." Nilicheka hata nikawa mimi ninayeitikisa mashua.

Takwa ni mji mdogo kuliko Gedi na umetulia zaidi. Msikiti wake una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, milango ya nyumba hutazama kaskazini, upande wa Makka, na nje ya ukuta kuna kaburi lenye nguzo ndefu. Hapa hakuna kitendawili. Husemwa kwamba maji ya kunywa yaliharibika kwa chumvi, na mwishoni mwa karne ya 17 watu wakafungasha, wakavuka mlango wa bahari na kuhamia Shela, ambako unaweza kuona mapaa yake ukiwa mashuani. Na husimuliwa kwamba mara mbili kwa mwaka wazee wa Shela huvuka kurudi, wakasimama kaburini na kuomba dua ya mvua.

Jambo hilo lilinikumbusha kwetu. Sisi wa ukoo wangu si wenyeji wa Buwenge kwa asili. Babu wa babu yangu alitoka kusini, mwambao wa Ziwa Victoria. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu 200,000 katika mwambao wa Busoga na Buganda na visiwa vyake, na serikali ya kikoloni ikawahamisha waliosalia mbali na mbung'o wa ziwani. Visiwa vizima vikabaki bila mtu. Kimojawapo ni Dolwe, ambako yapo mawe yanayolia kama ngoma yakipigwa, na miamba iliyochongwa mashimo na kuchorwa na watu wa kale ambao hata hao waliohamishwa hawakuwajua. Watu wamekwisha kurudi Dolwe kuvua samaki. Mimi, niliyevuka mpaka na kupanda basi, gari moshi, matatu na mashua kwenda kuona kisiwa cha watu wengine kilichohamwa, Dolwe sijafika. Nilisimama mbele ya lile kaburi nikijaribu kukumbuka jina la kijiji cha babu wa babu yangu, nalo halikuja.

Nilikawia hapo kwa dakika ishirini zaidi ya tulizopewa, na tuliporudi kwenye mashua maji yalikuwa yamekwenda. Hayakwenda Misri. Yalikuwa yamekwenda tu, yakaacha tope jeusi, mizizi ya mikoko na kaa wanaotutazama. Tulisukuma mashua mita mia mbili, kisha ikakaa. Nahodha hakutugombeza. Alitandika tanga, akasema maji yatarudi baada ya alasiri, akalala.

Ndivyo tulivyokaa, mimi na mume wangu, juu ya mashua iliyo kwenye nchi kavu, saa nne na zaidi, bila karanga. Na hapo ndipo aliponiambia lile ambalo hakuniambia kwa miaka saba.

Kule Mogadishu, alisema, kikosi chake kiliwahi kulala wiki tatu katika nyumba ya mtu. Ilikuwa haina paa. Jikoni mlikuwa na chungu kilichoachwa juu ya mafiga. Na katika chumba kimoja, kando ya mlango, palikuwa na mistari ya makaa ukutani, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na alama yake: mtu alikuwa akiwapima watoto wake kimo. Mstari wa juu kabisa ulimfikia mume wangu kwenye mkanda. Juu yake hapakuwa na mwingine. "Kila nilipovua mkanda kulala nikauona," alisema. "Niliporudi tukajenga. Kuta zilipofika juu, mwanetu akaja akasimama ukutani akaniambia, baba nipime. Nikaona afadhali tukae kambini kwanza."

Nilimwuliza, kwa maana mimi ni karani na hesabu hunijia hata pasipo mahali pake: "Kwa hiyo fedha hazikuisha?"

"Ziliisha."

"Lini?"

Alimtazama kaa mmoja kwa muda mrefu. "Unawajua wale ng'ombe wawili walio kwa kaka yangu Kamuli?"

"Nawajua. Ng'ombe wa shemeji."

"Si wa shemeji yako."

Ndugu wasomaji, katika mazingira ya kawaida mwanamke hupewa nafasi ya kutoka nje ya chumba na kufunga mlango kwa nguvu. Mimi nilikuwa nimezungukwa na tope lifikalo magotini. Nilikaa. Nilikasirika kwa muda wa kutosha, nikamwita Afande mara kadhaa, kisha hasira yangu ikawa haina mahali pa kwenda, nikamwuliza ile mistari ilikuwa mingapi. Akasema tisa. Nahodha, aliyekuwa halali kama tulivyodhani, akainuka, akachungulia ubavuni mwa mashua. "Maji yaja," alisema. Na kweli yalikuwa yanakuja, kimya kimya, kati ya mizizi.

Turudi Buwenge. Ng'ombe mmoja ameuzwa. Mimi nilitaka mabati mara moja, lakini mume wangu alishika msimamo kwamba kwanza mlango, na kwa kuwa ng'ombe alikuwa wake, angalau kwa ushahidi wake mwenyewe, nilimwachia. Fundi wetu aliutengeneza kwa mbao ya mvule, kwa vipimo vya nyuma ya risiti. Aliombwa achonge ua juu yake. Alichonga kitu ambacho watu wengi hukitambua kuwa ni samaki aina ya ngege, na si mbaya. Umefungwa bawaba tatu na kufuli. Siku ulipotiwa, watoto waliingia kwa dirisha kama kawaida, na baba yao akawatoa wote, akawapanga nje, akawaingiza mmoja mmoja kwa mlango. Kisha akaokota kipande cha mkaa na kuwapima ukutani. Mvua ya usiku ikafuta mistari yote. Asubuhi akaichora tena, na sasa ni yeye anayeniuliza mimi bei ya mabati.

Jioni ya Jumapili ile jirani yetu alikuja. Angeweza kupita dirisha lolote kati ya yale manane. Kwa miaka saba hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake ya mkato. Alifika mbele ya mlango, akautazama juu na chini, akavua kofia.

"Hodi," alisema.

Mume wangu, aliyekuwa ameketi chini ya mpapai, alimwacha angoje kidogo. "Karibu."

Mzee aliingia, akatazama mbingu iliyokuwa juu ya kichwa chake, akatazama mlango tena, na uso wake ukaonyesha wasiwasi wa kweli.

"Sasa wageni," alituuliza, "nitakuwa nawaelekeza vipi?"